Nusu ya Keki

Jumamosi, katika taxi-bus ya kwenda Katuba, mama Feza mtengeneza keki alikaa mbele yangu, amepakata karton ya keki ya harusi. Pembeni yake fundi Aaron alishika suti ya bwana wa harusi hiyo hiyo.

"Hii ni nusu tu," mama alimwambia. "Nusu ingine iko na dada yangu, katika bus ingine."

"Unalipa transport mara mbili, mama?"

"Mwaka jana nilianguka na keki yote, papa. Batu ya harusi balikula biskuti. Sasa nagawanya. Hata oveni niko nazo mbili, ya umeme wa courant na ya moto wa makala."

"Mimi niko na mashine moja tu. Kununua ya pili ni kuitakia ya kwanza mabaya."

Tulicheka sisi wote. Aaron mwenyewe hakucheka.

"Na courant ikikatika?" mama alimuuliza.

"Naenda kushonea kwa jirani, iko na mashine ya miguu."

"Basi uko na mashine mbili, papa!"

Gari likasimama. Aaron alitangulia kushuka, akampokea mama karton, akaondoka haraka huku akiendelea kubisha, keki mkono huu, suti mkono ule.

"Polepole, papa!" mama alipiga kelele. "Harusi yote iko kwako!"