Risala ya Wapika Halwa wa Bububu Juu ya Tanuri la Fuwele

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi uliyetoka wizarani, Bwana Sheha, wazee na majirani zetu, assalamu alaykum.

Makaribisho

Sisi wanawake wa Kikundi cha Subira, wapika halwa wa Bububu, tumefurahi kukuona. Halwa iliyo mbele yako ni ya zafarani na lozi, imeepuliwa asubuhi hii. Tafadhali usiiache ikapoa. Anayesoma ni mimi, Mwanakheir. Tamima, mtaalamu wetu, ni mjukuu wangu, nalisema mapema usije ukaambiwa na watu.

Tulikotoka

Tamima alirudi kutoka masomoni Ulaya mwaka 2001 na shahada yake ya fizikia, akatuomba ghala tulilopangishwa na serikali aweke tanuri la umeme, akuze fuwele. Bi Mwatum, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Mwanangu, miye nshapika halwa ya harusi mpaka za wajukuu. Mawe sijapika."

Tamima akajibu, "Mawe nitapika mimi, bibi. Nyinyi nipeni huo moto unaopotea jikoni."

Akatueleza, tukaelewa. Fuwele hii imejengwa kwa vizimba vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila kizimba kimefungiwa chembe nzito inayotikisika kama kuku ndani ya tenga. Mtikisiko ule unalizuia joto lisipite upesi, lakini umeme unapita. Basi ukiipasha moto upande mmoja na kuipoza upande wa pili, inatoa umeme. Viungo vyake ni madini matatu: bariamu, jerimani na galiamu. Hiyo galiamu kwa joto la hapa huwa maji chupani kama samli ya mchana. Vyote hufungwa ndani ya mrija wa kioo kisichoogopa moto, vikayeyushwa, kisha vikaachwa vipoe polepole, siku nyingi, bila ya kuguswa.

Tuliyoyapata

Fuwele za mwanzo zilipasuka. Mzee Ubwa, jirani yetu mwenye duka, akawa kila akipita anauliza, "Mawe yameiva?"

Iliyosalimika ilipelekwa Dar es Salaam, ikapigwa eksirei, na vizimba vikaonekana vimejipanga safu kwa safu, kila kimoja na kuku wake. Tamima akaikata vipande, akavipanga baina ya vibati viwili, akavibandika ubavuni mwa jiko la halwa, na nyuma yake maji baridi. Kitaa chekundu, kidogo kama punje ya hindi, kikawaka. Bi Mwatum akakipuliza. Hakikuzimika. Akamwita Mzee Ubwa: "Njoo upulize wewe, mwenye pumzi za kucheka." Mzee Ubwa akapuliza mpaka akakohoa, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuwekewa kimoja dukani.

Leo moto wa halwa unatuwashia taa za jiko zima, hata mtaa ukiwa hauna umeme. Mheshimiwa, tunajivunia, na hatuoni haya kusema.

Yanayotukwaza

Umeme wa tanuri ukikatika ghafla, fuwele hupasuka. Zito zaidi ni kuwa tumeambiwa tulihame ghala mwisho wa mwezi, liwekwe saruji. Na chuo kilichomsomesha Tamima kimemwita arudi. Bado hajajibu, anangoja neno lako. Mimi simuulizi, ila naona begi lake limeteremshwa kutoka juu ya kabati.

Maombi

Ratiba uliyopewa inasema utalifungua tanuri, uione fuwele kubwa iliyomo, ndipo uamue habari ya ghala. Kamati iliandika hivyo kwa heshima, maana kwetu mgeni rasmi haondoki bila ya kufungua kitu. Lakini tanuri bado lina moto, na likiingia upepo leo, fuwele itavunjika. Tunakuomba radhi, usilifungue. Utepe tumeshauondoa. Tazama taa zilizowaka jikoni, uamue kwa hizo.

Na ghala tunaomba tuachiwe, pamoja na laini yake ya umeme.

Fuwele iliyomo itakuwa tayari Ijumaa, inshallah, ukikubali au usikubali. Kazi yetu juu yake imeshakwisha, imebaki kupoa tu. Kilichobaki mkononi mwako ni ile itakayofuata, ikuzwe hapa Bububu au ikuzwe huko anakoitwa Tamima.

Mwenyezi Mungu akupe siha, akufikishe nyumbani salama, na aibariki kazi ya mikono ya watoto wetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Subira, Wapika Halwa na Wakuza Fuwele, Bububu, Unguja.