Historia ya Kamanda Boaz Mihayo na Dume Alilogoma Kulitoa

Historia hii ilikuwa isomwe na Edward, mtoto wetu wa kwanza, mwenye suti na sauti ya kusomea, ila Edward mnamuona yuko shimoni na sururu, ndiyo maana nimetolewa ndani mimi Nyamizi, mjane, niliyeishia darasa la pili, nikapewa karatasi yake iliyojaa mapinduzi na ukombozi, nimeiweka pembeni, nasoma niliyoandika mwenyewe, na anayeona naenda taratibu aje aisome yeye.

Marehemu Boaz Mihayo alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 hapa hapa Samuye, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1957, akachunga ng'ombe wa baba yake, na mwaka 1962 akaenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu, ambako alifundishwa kulipua miamba kwa baruti.

Mwaka 1966 aliacha mgodi bila kumuaga mzazi, akaenda kusini, akavuka Mto Ruvuma kujiunga na wapigania uhuru wa Msumbiji, akaanza kwa kubeba masanduku ya risasi, mwisho akapewa kikosi chake msituni, akalipua madaraja ya Wareno, wenzake wakamwita Kamanda, jina alilorudi nalo Juni 1975 likiwa limemganda kuliko shati. Hayo ya vita mnayajua, kila Siku ya Mashujaa gari lilikuja kumchukua akayasimulie mjini, vijana wa mtaa wa Kambarage wakapiga naye picha, mimi nasoma yale ambayo gari halikuyafuata.

Akiwa msituni, Novemba 1971, baba yake alifariki, aliyechimba kaburi ni jirani yetu Lubinza, na huyo huyo Lubinza akawatunza ng'ombe wa nyumba hii mpaka mwenyewe akarudi akawakuta wamezaana. Nami niliolewa kwa ng'ombe hao, tarehe 14 Agosti 1976, tukamzaa Edward mwaka 1977, Ritha 1980, na Cornel 1984.

Januari 1979 Lubinza akafariki, wanaume wote wa Samuye wakabeba majembe, Kamanda akabaki kwenye kigoda chake, wazee wakamfuata, akawaambia yeye hachimbi kaburi la mtu, basi. Akatozwa mchenya, faini yetu ya kijiji, dume moja la kuchinjiwa watu wote, akajibu kwamba mtu aliyepewa medali hadaiwi ng'ombe na watu wasiojua hata kulenga. Tukatengwa, hakuna salamu, hakuna chumvi ya kuazima, uchungu wa Ritha uliponishika nilipiga yowe hakuja mtu, nikakata kitovu mwenyewe, yeye kasimama uani kama mlinzi wa benki. Mimi na watoto mlitufungulia mwaka 1990, yeye mkamwacha na deni lake.

Kinachoniudhi ni kwamba sababu alikuwa nayo. Aliniambia mara moja tu, kwamba kule msituni aliwazika vijana wa kikosi chake kwa kuchimba na vifuniko vya sufuria, maana sepetu hawakuwa nazo, na mmoja walimfukia mguu ukabaki nje, wakakimbia, na kila akiona jembe la kaburi anauona ule mguu. Nikamwambia, Baba Edward, nenda kamwambie mke wa Lubinza maneno hayo hayo, usiongeze kitu, atakuelewa. Akasema kamanda haelezi hofu yake kwa raia, akanikataza na mimi. Mtu aliyewaamuru wanaume wakavuka mto wenye risasi, sentensi moja kwa jirani ikamshinda. Leo hakuna wa kunikataza, Abel mwana wa Lubinza, umeisikia.

Kuanzia mwaka 1986 alikuwa anaenda Geita kuwafundisha wachimbaji wadogo kulipua bila kufa, na wapo hapa waliopona kwa mafunzo yake, ila vumbi la miamba lilimkaa mapafuni, akaanza kulazwa mwaka 2022, akafariki tarehe 11 Agosti 2025, saa tisa alasiri, hospitalini Shinyanga mjini.

Jana Edward alipowaomba vijana wachimbe, Abel, mkubwa wa mazishi hapa kijijini, akamwambia mchenya wa baba yake bado mbichi. Edward akajitia wa mjini, akasema ataagiza kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kutoka Geita, Abel akamjibu, "Sawa mdogo wangu, kikimaliza kuchimba kibebe na jeneza, kiimbe, halafu kikae matanga na mama yako." Edward akavua koti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachimbaji wa Geita waliokuja na lori lao, na ninyi majirani, nawashukuru kuanzia jana, ya nyuma tutayaongea tukishazika.

Shimo limechimbwa na wanawe wawili peke yao tangu alfajiri, ndivyo wazee walivyoamua, viganja vimechubuka na hakuna aliyewapokea sururu. Na lile dume lake aliloliita Ruvuma, alilolilea kwa mkono wake, likawa linalala chini ya dirisha lake, limechinjwa asubuhi hii, liko kwenye masufuria, mguu wa kwanza umepelekwa kwa kina Lubinza.

Umelipa, Boaz. Lala kwa amani, hakuna anayekudai.