Viatu vya Kumaliza Kilio

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi wenye nyayo zilizopasuka!

Mimi ni mjane. Katika ukoo wa marehemu mume wangu, mjane anakaa peku mpaka siku ya kumaliza kilio, na mwanaume anayemvalisha viatu siku hiyo ndiye anayemrithi. Shemeji yangu alileta viatu vyeusi vya kung'aa. Naye tayari alikuwa na wake wawili! Nilipomwona anapiga magoti mbele yangu, nilikimbia. Nilikimbia peku mpaka Golf, mtaa wa matajiri, na walinzi wa majumba wakaniuliza, "Mama, mwizi iko wapi?"

Sikuvaa kiatu tena, maana kiatu chochote wangesema ni cha shemeji. Kila asubuhi nilikimbia, kwa sababu nikikimbia kifua kilifunguka kidogo. Shemeji alicheka: "Ngoja baridi ifike, utabivala tu." Juni ikafika, ardhi ikauma, visigino vikapasuka. Nikajifunza kupaka mafuta ya mawese na kungoja jua liguse barabara. Oktoba udongo ukaungua, nikatoka mapema na kufuata majani ya kando. Hayo niliyaweza. Mvua ndiyo iliyonishinda. Niliamini nyayo zangu zilizokomaa kiangazi, kumbe matope yamezilainisha, na kipande cha chupa kikanipasua.

Mguu ukavimba. Nikalala na homa, na shemeji akaja kuweka vile viatu kando ya kitanda changu. Hakuna mtu wa kikundi chetu cha maombi aliyenitembelea. Hakuna! Nikalia: Mungu, nimechoka, nitavaa.

Ndugu zangu, ndipo akaingia mama mkwe, mama mzazi wa huyo shemeji. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha akamwambia mwanawe, "Na miye balinivalishaka biatu. Mpaka leo binanibana. Beba biatu byako, wende."

Watu wa ukoo walitufukuza sote wawili, mimi na mama mkwe. Nyumba imekwenda, sahani zimekwenda, na mimi bado nakimbia nikichechemea. Sisemi njia ya Mungu ni tamu. Nasema alinitoa.

Basi wewe mjane ambaye viatu vinakungoja mlangoni, mtegemee Yeye, usinyooshe mguu! Na ninyi mnaocheka miguu yangu, geukeni nyuma mumtazame mama mkwe. Leo ameingia kanisani peku.