Kabla Majina Hayajaisha

Ndani ya treni za Nagoya, Japani, watu hunyamaza kama wako msibani, ndiyo maana mzee Tokuji alisikia kila neno. Binti mmoja na bwana mmoja wa tai, wasiojuana, walikuwa wameonana wameshika kadi za Hozumaru, shujaa wa katuni, zawadi ya kutoka sinema, na sasa walibishana kwa kunong'ona.

"Kaka, Hozumaru amekufa! Zimwi limemtafuna mpaka buti. Nimelia kamasi zote, nikatoka mbio."

"Ulitoka kabla majina ya mwisho wa filamu hayajaisha? Dada, umelelewa wapi wewe?"

"Majina ya wachora katuni wote wale niyasome ya nini?"

"Baada ya majina kuna kipande kingine."

Tokuji akashtuka. Vitabu vya Hozumaru amevisoma vyote tangu alipostaafu, na Jumamosi alitoka sinema majina yalipoanza, tena si kwa machozi bali kwa kibofu. Tangu hapo amemlilia Hozumaru kuliko alivyomlilia shemeji yake.

"Usiniambie!" Binti akaziba masikio. "Kesho narudi kuangalia."

"Haya, sisemi."

Treni ikapunguza mwendo. Tokuji, ambaye hajawahi kumsemesha mgeni garini, akasimama. "Basi niambie mimi. Yuko hai?"

Behewa zima likamgeukia. Bwana wa tai akainama mpaka kiunoni. "Niwie radhi sana, mzee. Dada atasikia." Milango ikafunguka, akashuka.

Binti akatoa vidole masikioni. "Kumbe babu, nawe ulitoroka majina?"

Tokuji akashuka upesi, ingawa kituo hakikuwa chake.