Celia Nandonde na Swali la Tisa

Nani aliyewapa haki ya kumuuliza mama wa watoto wanne, mbele za watu, jina lake la utotoni? Ndugu waombolezaji, marehemu Celia Eusebio Nandonde aliwauliza wahusika hivyo kwa miaka miwili, na ameondoka duniani bila kujibiwa.

Alizaliwa Mahurunga tarehe 14 Machi 1999, mtoto wa kwanza wa Mzee Eusebio na Mama Amelia, wakulima wa mpunga na ufuta. Babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, jembe begani. Celia alipokuwa na miaka tisa, mgeni alijitilia chumvi kwenye chai, nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliyachukua yale makopo mawili yaliyofanana, akafunga kamba kwenye kopo la chumvi, akasema, "Kosa si la mgeni. Ni la makopo." Baba yake akatikisa kichwa: "Huyu ataniletea kesi na wenye viwanda."

Alisoma Shule ya Msingi Mahurunga kuanzia 2006 hadi 2012, kisha sekondari Mtwara mjini, na mwaka 2019 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam. Jina la chuo familia imeamua lisiandikwe hapa. Mwaka wa mwisho alikutana na somo lililomteka: kubuni na kupima sura ya mfumo, yaani yale mtu anayoyaona kwenye kioo cha simu au kompyuta, abonyeze wapi, aulizwe nini na kwa maneno gani. Kanuni ya kupima ilikuwa moja. Mkalishe mtumiaji, mpe kazi, funga mdomo. Akikwama usimsaidie, andika alipokwama.

Aprili 2023 alirudi nyumbani kufanya utafiti wake. Zahanati moja ya huku kwetu ilikuwa imeletewa kishikwambi cha kuandikishia wajawazito. Alikiazima jioni moja, na wa kwanza kumjaribia alikuwa mama yake mwenyewe, jikoni. Mama Amelia alijibu maswali manane vizuri. La tisa likauliza: "Jina lako la utotoni ni lipi?" Jibu lilitakiwa kuwa siri ya kumtambulishia mama kila anaporudi kliniki, na bila jibu mfumo haukusonga mbele.

"Mwanangu," akasema Mama Amelia, "hiki kidude chako hakina adabu."

Celia, kwa amri ya somo, kimya.

"Unanyamaza? Basi hata wewe huna!"

Aliyelitunga swali lile aliliona jepesi. Hakujua, wala hakuuliza, kwamba huku kwetu mwanamke akishatoka unyagoni hupewa jina jipya, na lile la zamani halitajwi tena. Kumwita kwalo ni kumtukana. Kule zahanati, Celia alikalisha kina mama kumi na wawili. Kumi walifika swali la tisa, wakaweka kishikwambi chini, wakaenda zao. Muuguzi Somoe, aliyekuwa akiwaandikisha, alikuwa amekatazwa kuruka swali wala kubuni jibu, la sivyo angeadhibiwa kazini.

Siku ya kutetea utafiti, mhadhiri wake alimwambia, "Umepima watu wasiojua kompyuta. Ungechukua wanafunzi wenzako."

"Wenzangu hawaendi kliniki ile, mwalimu. Nimewapima wenyewe."

Akapewa C. Cheti kipo nyumbani, anayetaka aje akione. Miaka minne anafundishwa kumsikiliza mtumiaji, akimsikiliza anaambiwa amekosea mtumiaji!

Alipohitimu alifanya kazi Mikindani, katika duka la vifaa vya ofisi la Bwana Abbas, ambaye leo yupo hapa nasi. Bwana Abbas alimwachia mashine ya kuchapa, akachapa ripoti yake na kuituma kwa waliotengeneza mfumo: Novemba 2023, Aprili 2024, Januari 2025. Aliomba jambo moja tu, swali la tisa lifutwe. Alijibiwa mara moja tu: "Maoni yako yamepokelewa." Katika muda huo mama mmoja wa Ziwani, ambaye ametuomba tusimtaje, aliinuka kwenye benchi la zahanati kwa ajili ya swali hilo, akaenda kujifungulia nyumbani. Mtoto hakuishi. Hayo nayo yapokeeni.

Alikuwa amechumbiwa na Mwalimu Mikaeli Chilumba, na ndoa ilipangwa Septemba mwaka huu. Mikaeli alipenda kusema kwamba barua yake ya kwanza ya mapenzi ilirudishwa ikiwa imepigiwa mstari sehemu mbili: "Hapa msomaji atakwama."

Oktoba 2024 aliugua figo. Alitibiwa hospitali ya mkoa, na wauguzi wa wodi ile tunawashukuru. Kila Somoe alipokuja kumtazama, kabla ya salamu Celia aliuliza, "Wameliondoa?" Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja jioni.

Ameacha baba, mama, mdogo wake Helder aliyeandika wasifu huu, bibi mmoja, na mchumba. Ardhi ya Mahurunga impokee kwa upole, na Mungu ampe Celia pumziko lenye amani. Sisi tuliobaki bado tuna kazi.

Asubuhi iliyofuata kifo, Helder alikwenda zahanati kumpa Somoe taarifa. Alikuta imeshatangulia. Benchi lilikuwa limejaa kina mama, kanga zimefungwa kimsiba. Somoe, macho mekundu, alimwandikisha wa kwanza mpaka swali la tisa, akasita, akasoma kwa sauti ya chini.

"Andika Celia," mama yule akasema.

Somoe alimtazama. Kisha akaandika, na mfumo ukasonga mbele.

Akaja wa pili. "Celia."

"Na mimi Celia," akasema wa tatu kabla hajaulizwa. "Wenye mashine wakikuuliza, waambie waje wenyewe tuwajibu."

Kufikia saa nne walikuwa kumi na mmoja, wote wameandikishwa, na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.