Pigo la Nne Linachelewa

Kijiwe chetu kiko Ngara mjini, mkabala na stendi, na benchi letu ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani. Basi liliuzwa chuma chakavu, kiti kikabaki, na sisi tukabaki nacho. Tunaoketi hapo kila asubuhi ni wanne. Mzee Juvenali, mpiga ngoma kutoka Mugoma, kastaafu kila kitu isipokuwa ngoma. Novatus tunamwita Spika, kwa kuwa hufungua mjadala na hajawahi kuufunga. Frednand ni Injinia, fundi wa simu ambaye simu yake mwenyewe imefungwa kwa raba. Wa nne ni mimi, Pasipoti. Nimezunguka Bujumbura, Kampala, Lusaka hadi Durban, nikarudi na begi lile lile nililoondoka nalo, ila sasa halina zipu. Kahawa anatumiminia Nshoma, mtu asiyesema sana. Ukizidisha uongo, anakujazia kikombe nusu.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Ineza alifika akiwa na simu mkononi na uso wa mtu anayekwenda kutoa taarifa ya msiba. Ni mjukuu wa Mzee Juvenali.

— Shikamoo babu.

— Marahaba, mke wangu. Umekuja kunipikia au kunitaliki?

— Kukuomba kitu. Shikamooni wazee.

Niligeuka nyuma kutafuta hao wazee. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Nikaitikia.

Lazima nieleze hapa. Ineza na wenzake wawili wa chuo, walioko Mwanza, wametengeneza gemu la simu linaloitwa Shujaa wa Kata. Yapo yale magemu ya shujaa anayetumwa kuokoa ufalme: anapewa upanga, anaua mazimwi, anaingia majumbani kwa watu bila hodi na kuwavunjia mitungi, na wenye nyumba wanamshukuru. Ineza kayatania yote. Shujaa wake hana upanga, ana ngoma. Akiingia bila hodi anarudishwa mwanzo wa safari. Akitaka kupigana na zimwi, kwanza apate barua ya utambulisho, na mwenye muhuri kaenda msibani. Zimwi nalo linamkaribisha, linamuuliza za safari, ndipo vita vianze. Vita vyenyewe ni kugusa kioo cha simu kwa kufuata ngoma: moja, mbili, tatu, nne. Ukikosea, zimwi linakucheka. Ngoma inayosikika humo ni ya Mzee Juvenali. Ineza alikwenda kuirekodi Mugoma, mzee akakataa kupigia ukuta, mpaka shangazi zake Ineza wakaitwa wacheze uani, peku.

— Maoni yameanza kuja, alisema Ineza.

— Soma, alisema Spika. Kikao kimeanza.

— Huyu anasema: "Nimecheka mpaka mke wangu kaninyang'anya simu. Saa hii anacheza yeye. Nyota tano."

— Huyo ana akili.

— Huyu: "Zimwi linalodai barua ya utambulisho nimelielewa kuliko majirani zangu. Nyota tano."

— Huyo ni mtumishi, alisema Injinia. Mtumishi unamjua tu.

Ineza akateremsha kidole kwenye kioo.

— Huyu ndiye mkubwa wao. Anaandika habari za magemu mtandaoni, anasomwa hadi nje. "Kwa vichekesho, gemu hili halina mpinzani mwaka huu. Lakini gemu la mdundo linasimama kwa mdundo, na hapa pigo la nne linachelewa. Kila mara. Nyota tatu." Baada yake wote wameshika hilo hilo. Linachelewa, linachelewa. Na mmoja...

— Soma, mke wangu.

— "Mwamsheni mpiga ngoma."

Nshoma akasimamisha birika hewani. Mzee Juvenali alikuwa akitafuna buni, akaacha kutafuna.

— Wenzangu wanataka jibu kabla ya saa sita, babu. Toleo jipya linatoka leo. Kompyuta inaweza kulisogeza pigo la nne likae sawa na mengine, ni kazi ya dakika moja. Ila ngoma ni yako. Sikutaka kuigusa kabla sijakuuliza.

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia, kwanza mgongo, halafu kiganja, kama mtu anayekagua jembe la kuazima.

— Sogezeni, alisema. Watu wengi hivyo hawawezi kukosea wote. Mkono umezeeka.

Mkono ule umeozesha nusu ya wilaya. Umenipigia hata mimi, harusi yangu ya kwanza, na siwezi kuulaumu kwa yaliyofuata. Kijiwe hakikukubali.

— Hakuna kusogeza! alifoka Spika. Kwanza tulione hilo kosa lenyewe. Lete simu.

Akaichukua. Zimwi likatokea, likasalimia, likauliza za safari.

— Salama tu, Spika aliliambia. Huko kwenu?

— Halikusikii, alisema Ineza. Ngoma imeanza, gusa!

— Nianze mimi wakati mzee yupo? Nina wazimu? Mzee, karibu.

— Anza wewe.

— Siwezi, mzee. Gusa moja tu, sisi tufuate.

Simu ikaenda kwa mzee, mzee akampa Injinia kwa kuwa ndiye fundi, Injinia akairudisha kwa mzee kwa mikono miwili na goti limekunjwa. Walipomaliza kuheshimiana, zimwi lilikuwa limeshinda na linacheka.

— Ndiyo maana nyota tatu, nilisema. Zimwi halina adabu.

Mara ya pili tulimtaka mzee atupe baraka mapema. Akatupa. Tukagusa kwa zamu. Moja sawa, mbili sawa, tatu sawa. Ya nne kidole cha Injinia kilitua, na ngoma ikalia baada yake. Kicheko. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Na mimi nikajaribu, hivyo hivyo. Kweli lilikuwa linachelewa, na hapo ndipo tulipopata uhakika kwamba halichelewi.

— Mtandao, alitangaza Spika. Pigo linatoka Mwanza, linapanda mlima wetu huu. La kwanza linafika na nguvu zake. La nne limechoka.

— Gemu halitumii mtandao, alisema Ineza.

— Basi ndiyo kabisa! Linatembea kwa miguu.

— Spika, kaa chini, alisema Injinia. Tatizo ni kidole. Simu zinatengenezwa kwa vidole vyembamba vya ofisini. Kidole kilichoshika jembe ni kinene, kwa hiyo kinafika kwenye kioo kabla ya mwenyewe. Nina ushahidi, wateja wangu wote wanapiga namba ambazo hawajamaliza kuzifikiria.

— Na huyo mwandishi wa mtandaoni, naye analima?

— Labda anasomba mawe. Umemwona?

Niliona wakati umefika wa mtu aliyetembea duniani kusema.

— Jamani, sikilizeni. Mmesahau tulipo. Ngoma hii imerekodiwa Mugoma. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, wako nyuma yetu saa nzima. Rwanda hivyo hivyo. Mimi nimevuka mipaka hiyo. Nimewahi kula chakula cha mchana mara mbili siku moja bila dhambi. Sasa, mzee anapiga moja, mbili, zinabaki Tanzania. Ya tatu inavuka. Kule inakuta saa zao, inasubiri. Ya nne inamsubiri mwenzake arudi. Inachelewaje? Imefuata sheria za nchi mbili!

— Ego! alisema Spika, kwa lugha ya nyumbani, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia. Hiyo ndiyo! Andika hiyo, Ineza. Waandikie: nyota mbili zilizobaki zimezuiwa mpakani.

Nshoma akanijazia kikombe nusu.

Ineza alitabasamu kwa adabu, lakini macho yalikuwa kwenye saa ya simu. Saa tano na nusu. Mzee Juvenali alikuwa ameuweka mkono wa kulia chini ya ule wa kushoto, kwenye mapaja, kana kwamba anaufunika usitazamwe.

— Mnanipenda, wanangu, alisema. Nashukuru. Lakini hata mwaka jana kule Rulenge kijana mmoja aliniambia, mzee, unatuchelewesha. Nilidhani ananitania. Sogeza, mke wangu. Andika jina langu kwa herufi ndogo, au usiliandike kabisa.

Ineza akafungua ujumbe wa wenzake. Kidole kikabaki juu ya kioo.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja, kapu begani, viatu vya kisigino mkononi, anatembea peku kwenye vumbi kama amelilipia kodi. Akaomba kahawa.

— Hamjambo? Gari la Biharamulo halijapita?

— Bado, nilisema. Karibu. Viatu vimekukosea nini, dada?

— Visinilaumu. Natoka harusini Rulenge. Naitwa Tecla. Nimecheza jana kutwa, leo miguu haitaki kusikia habari za viatu. Mnasikiliza nini? Hiyo ngoma ni nzuri.

— Ni gemu, alisema Ineza. Unagusa kufuata ngoma. Watu wanasema ina kasoro, pigo la nne linachelewa.

Ineza akaicheza, mgeni aone. Moja, mbili, tatu. Tecla alikuwa bado amesimama, kikombe mkononi, na sikumtazama uso, nilitazama mguu wake wenye vumbi. Moja, ulikanyaga. Mbili, ulikanyaga. Tatu, goti lilipanda. Mguu ukakaa juu kidogo, kama unafikiri. Ukashuka. Ulipogusa ardhi, ngoma ikalia chini yake.

Kidole cha Ineza kilikuwa kimeshatua zamani. Zimwi lilikuwa linacheka.

Tecla akapuliza kahawa yake, akatutazama mmoja mmoja, tulivyopangana kwenye kiti cha basi lisilokwenda popote.

— Samahanini, alisema. Kwa nini mnaicheza mmekaa?

Spika alifungua mdomo, akautia kahawa. Nimemfahamu miaka kumi na moja, na sijawahi kumwona akiufunga mjadala kwa kahawa. Injinia alianza kuifungua raba ya simu yake na kuifunga tena. Mimi nilipitia kichwani miji yote niliyofika, kote watu wanacheza wamesimama, hata Durban.

Ineza alisimama. Akarudia gemu, safari hii magoti yakifuata. Moja, mbili, tatu, mguu juu, ukashuka, na kidole kikashuka nao. Moja, mbili, tatu, juu, chini. Zimwi likapiga magoti, likaomba msamaha, likamwomba shujaa barua ya utambulisho ili limsindikize vizuri.

— Babu, alisema Ineza. Siku ile ulikataa kupigia ukuta. Ulikuwa unawatazama shangazi.

— Nilikuwa natazama miguu, alisema mzee. Nitapigaje wakati mtu bado yuko hewani?

Akautoa mkono wa kulia mahali alipouficha.

Ineza aliandika ujumbe kwenda Mwanza, akatusomea kabla hajautuma: ngoma isiguswe, ukurasa wa kwanza liongezwe neno moja, kwa herufi kubwa, SIMAMA, na chini yake jina la mpiga ngoma, kwa herufi kubwa vile vile. Akatuma. Ilikuwa bado robo saa kufika saa sita.

Gari la Biharamulo likapiga honi. Tecla akamrudishia Nshoma kikombe, akaondoka na viatu vyake mkononi. Mzee Juvenali alisimama kumuaga, na mzee akisimama sisi hatukai, kwa hiyo tukasimama wote. Gari likaondoka. Mzee hakukaa. Alikuwa anapiga kitu kwa vidole pajani, polepole, anaangalia miguu ya watu wanaopita stendi.

Tulinywa kahawa iliyobaki tumesimama. Nshoma alinijazia kikombe mpaka juu.