Geuka Kidogo: Buriani kwa Daktari Wetu wa Picha

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mashine ndiyo inayoona. Mashine huonyesha tu. Anayeona ni mtu. Aliyetufundisha hilo, daktari wetu wa picha za eksirei na ultrasaundi, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, karibu yote katika chumba kile chenye pazia la kijani na feni inayolalamika.

Wagonjwa humwita Mama Geuka. Huipasha jeli ya kupaka tumboni kabla ya kipimo kwenye beseni la maji ya moto isije ikawashtua, hupima kwa utulivu, kisha lazima aseme, "Haya, geuka kidogo." Mumewe hutuambia kwamba hata sokoni hanunui tikiti bila kuligeuza pande zote.

Wengi tunamkumbuka yule fundi cherehani mwenye kisukari, aliyeletwa na mkewe akiwa na homa, maumivu chini ya kitovu na mkojo wenye damu. Eksirei ilionyesha hewa tumboni. Daktari wa zamu alihofu utumbo umetoboka, na hakukosea kuhofu, maana utumbo uliotoboka hausubiri. Chumba cha upasuaji kikaanza kutayarishwa. Mama Geuka akaomba ampime kwanza kwa ultrasaundi.

"Geuka kidogo, kaka."

"Dada, hata kupumua naumia, nawe unataka nigeuke?"

"Ukipona utanishonea gauni, nawe unigeuze utakavyo."

Fundi akageuka. Sasa, hewa iliyo huru tumboni husogea mgonjwa anapogeuka, kama povu katika chupa iliyolazwa. Hii haikusogea. Ilikuwa imenasa ndani ya ukuta wa kibofu. Kipimo cha CT kikathibitisha: utumbo ulikuwa mzima, na viputo vya hewa vimekizunguka kibofu kama shanga. Ni uambukizo wa nadra, ambao vijidudu hutengeneza gesi na kukivimbisha kibofu, hasa kwa wenye kisukari. Fundi aliwekewa mpira wa mkojo, akapewa dawa za mshipani, sukari ikashushwa. Kisu hakikumgusa.

Gauni alilishona. Siku ya kuchukua vipimo alimgeuza Mama Geuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mkewe akicheka pembeni. Ndilo atakalolivaa siku ya kuagwa.

Mama Geuka, asante kwa macho yako na kwa subira yako. Tunakuombea afya na miaka mirefu ya kulala upande wowote uupendao.

Nasi tunaobaki: leo, kabla ya kuandika majibu ya mgonjwa wako wa kwanza, mgeuze.